Ramani ya nyumba ya familia Kibaha: chumba cha mama mzazi kikae wapi?

MjenziMpya ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu tumepata kiwanja Kibaha, mkoani Pwani, chenye upana wa mita 20 upande wa barabara na kina cha mita 25, na tunatarajia kuchimba msingi masika yakishapita. Barabara iko magharibi ya kiwanja, na ardhi inateremka taratibu kuelekea mashariki, kiasi kwamba mpaka wa nyuma uko chini ya usawa wa barabara kwa karibu mita moja.

Tutakaoishi humo ni watu sita: sisi wawili, mabinti wa miaka 12 na 9, mvulana wa miaka 5, na mama yangu mzazi mwenye miaka 74, ambaye magoti yanamsumbua na sasa anatembea kwa mkongojo. Kwa kweli yeye ndiye sababu ya kuharakisha ujenzi, kwa kuwa hatupendi aendelee kuishi kijijini peke yake.

Ramani tuliinunua ikiwa tayari imechorwa, na nakiri kwamba kilichotuvuta ni picha ya sura ya mbele. Nyumba ina mita 14 kwa 11, pamoja na baraza ya mbele na kibaraza kidogo cha jikoni. Sebule, chumba cha kulia na jiko vimefuatana upande wa kaskazini, sebule ikiwa mbele na jiko nyuma. Vyumba vinne vya kulala viko kusini, viwili kila upande wa korido yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 1. Masta, yaani chumba chetu, iko pembe ya kusini-magharibi, imejitokeza mbele na ina dirisha kubwa linalotazama barabara. Chumba kilichoandikwa cha wageni, ambacho ndicho tulichomkusudia mama, kiko mwisho wa korido, pembe ya kusini-mashariki, ilhali choo cha pamoja kiko mwanzoni kabisa, jirani na chumba cha kulia. Vyumba vyote isipokuwa masta vina mita 3 kwa 3.

Hapo ndipo tulipokwama. Fundi anashauri tuivunje stoo tumpe mama chumba jirani na jiko. Mke wangu anaona mama abaki mwisho wa korido, karibu na chumba chetu, ili tumsikie usiku. Mama mwenyewe, nilipomwonyesha ramani, aliuliza swali moja tu: "Sasa mimi nitamwonaje anayeingia getini?" Naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijamwaga fedha ardhini.

MsanifuWaMtaani amejibu:

Ndugu MjenziMpya, swali la mama yako ndilo linaloipanga ramani hii upya, kwa hiyo nitaanza na kiwanja chako kisha nimfikie yeye.

Pwani yetu iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita juu sana, likielemea kaskazini kuanzia mwezi Machi hadi mapema Oktoba na kusini katika miezi iliyobaki. Kwa sababu hiyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa vizuri na paa lililotokeza nje sentimita 60 hadi 90. Ukuta wa magharibi haukingiki hivyo, kwa kuwa jua la saa kumi jioni huja likiwa chini na kuingia ubavuni. Tofali la saruji hulinywa joto hilo na kulirudisha ndani saa tatu au saa nne za usiku, wakati watu wanataka kulala. Ramani yako imeweka masta na dirisha lake kubwa mahali hapo hasa. Mchoraji hana kosa, kwa sababu hakujua barabara yako iko upande gani. Ramani iliyochorwa bila kiwanja haina magharibi.

Upepo nao una njia zake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto ya Desemba hadi Machi. Maana yake ni kwamba upande wako wa nyuma, yaani mashariki, ndio unaopokea upepo karibu mwaka mzima. Ningeihamishia masta pembe ya kusini-mashariki, ambako itapata kusi na kuepuka jua la jioni, na choo chake kitakuwa karibu na shimo la maji taka, ambalo kwa mteremko ulioueleza halina budi kukaa nyuma.

Kwa hoja hiyo hiyo ya upepo, jiko kuwa pembe ya kaskazini-mashariki lina kasoro: kaskazi itaingiza moshi na harufu ya vitunguu ndani ya nyumba katika miezi yenye joto zaidi. Sikushauri ulipeleke mbele, maana najua hakuna mama wa nyumba atakayekubali kukaanga samaki akitazamwa na wapita njia. Libaki nyuma, lakini dirisha lake kubwa liwe upande wa kaskazini, na jiko la nje la mkaa au kuni mliweke kwenye uchochoro wa kaskazini wala si uani moja kwa moja. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta huo huo, kwenye kibanda chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Sasa chumba cha mama. Mlete mbele, mwanzoni mwa korido upande wa magharibi, na urefushe baraza ipite mbele ya dirisha lake. Baraza yenye kina cha mita 2 na nusu itapunguza sana jua la jioni ukutani kwake, naye atamwona kila anayeingia getini bila kunyanyuka kitandani. Choo cha pamoja kitakuwa ng'ambo ya korido, hatua mbili tatu kutoka mlangoni pake. Mabinti waende pembe ya kusini-magharibi, dirisha lao litazame kusini, na ukuta wa magharibi usiwe na dirisha bali kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 litakaloukinga. Korido yenyewe ipanue ifike mita 1 na sentimita 20, na mwisho wake wa kusini uwekwe dirisha, la sivyo mtawasha taa mchana.

Jambo la mwisho, na hili huwaliza wengi. Muulize aliyechora kama hizo mita 3 zimepimwa kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la nchi 6 pamoja na lipu pande zote mbili hufanya ukuta wa karibu sentimita 18, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwenye karatasi kinakuwa na mita 2 na sentimita 82 ndani. Ukiingiza kitanda cha futi 6 kwa 6, ambacho ni sentimita 183, unabakiwa na pungufu ya mita moja kwa kupita na kufungua kabati.

BintiTanga amejibu:

Kaka yangu, nimemuuguza mama yangu miaka mitatu katika nyumba ambayo sisi wenyewe tuliijenga vibaya, kwa hiyo naomba nipingane kidogo na ndugu Msanifu. Nakubaliana naye kwamba mama aje mbele, ila katika suala la choo sikubaliani naye hata kidogo. Mpe mama choo chake ndani ya chumba. Hizo hatua mbili tatu za kuvuka korido unazihesabu wewe mwenye magoti mazima. Mtu mzima anayeamka mara tatu usiku akiwa na khanga moja, halafu akutane na shemeji yenu aliyelala sebuleni, ataacha kunywa maji jioni ili asiamke, na hilo litamletea maradhi mengine. Mama yangu alifanya hivyo, nasi tulichelewa kujua.

Choo hicho kisiwe kidogo. Sisi tulikifanya cha mita 1 na sentimita 20 kwa mita 1 na nusu, kikamtosha akiwa peke yake, lakini ilipofika wakati wa kumwogesha nililazimika kusimama mlangoni nikiwa nimepinda mgongo. Kiwe na nafasi ya watu wawili na kiti cha plastiki. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani ya choo chenye mlango wa kusukuma, mwili wake ndio unaouzuia, na mtabaki mnasukumana naye. Sehemu ya kuogea isiwekewe kizingiti, sakafu iteremke tu kuelekea tundu la maji, na msichague marumaru zinazoteleza kwa ajili ya kung'aa kwake. Kabla ya lipu mwambie fundi aimarishe ukuta kwa zege mahali patakapofungwa vyuma vya kushikia, maana vyuma hivyo vikifungwa kwenye lipu tupu hung'oka siku vinapohitajika.

Chumba chenyewe kisipungue mita 3 na sentimita 60. Kitanda cha mgonjwa kinatakiwa kifikiwe pande zote mbili, na usiku wa homa lazima pawe na mahali pa kutandika godoro la anayemwangalia, ambaye katika nyumba yako, nakuambia mapema, atakuwa binti mkubwa.

MpwaniWaKisauni amejibu:

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Nasoma huku nikitabasamu, kwa kuwa haya ya mgeni kuishia mbele na wenyewe kukaa nyuma yalikuwa ndiyo desturi ya wazee wetu. Katika majumba ya mawe ya Lamu mgeni aliketi dakani (kibaraza cha mlangoni) au sebuleni karibu na mlango, na vyumba vya ndani hakuviona. Vyumba hivyo vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuvuka mita 3 kwa mbali. Nyinyi mna kenchi (fremu za kubeba paa) na bati, hamfungwi na boriti, lakini njia ya mgeni bado inafaa kufikiriwa: anayeketi sebuleni akiomba msalani, atapita mbele ya milango mingapi ya vyumba vya kulala? Kwa mpango wa ndugu Msanifu hapiti hata mmoja, nami nimeupenda.

Nyongeza moja kwa walio Waislamu. Kutoka pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Kibaha, kibla iko karibu kaskazini moja kwa moja. Wengi hupenda mtu asielekee kibla wala kuipa mgongo akiwa chooni, kwa hiyo choo kikae mashariki-magharibi. Kwenye karatasi ni kugeuza mchoro tu, lakini bomba likishalala chini ya zege, kukigeuza ni kuvunja.

FundiKenchi amejibu:

Mkuu, mimi naongelea fedha na maji.

Ukimpa mama choo chake upande wa mbele, maji taka yatakuwa na safari ndefu kwenda shimoni. Linalowezekana ni choo hicho kikae uso kwa uso na choo cha pamoja, ili bomba moja la nchi 4 lipite mstari ulionyooka chini ya korido na kutokea nyuma. Kwa mita 8 za bomba, na kwa kila mita kushuka sentimita 2 na nusu, unahitaji mshuko wa sentimita 20, ambao kiwanja chako kinao bila taabu. Lakini bomba hilo lilazwe na kujaribiwa kwa maji kabla jamvi (zege la sakafu) halijamwagwa, chemba za kukagulia bomba ziwe nje mbele na nyuma, na pasiwe na kona hata moja ndani ya nyumba.

Mteremko huo huo una upande wake wa pili. Mita moja katika mita 25 ni kama sentimita 44 ndani ya mita 11 za kina cha nyumba. Barabara iko juu yako, kwa hiyo mvua kubwa itakuja mlangoni. Inua sakafu angalau sentimita 30 juu ya ardhi upande wa mbele na uchimbe mfereji wa kukata maji kabla ya baraza. Ukifanya hivyo, mlango wa jikoni utakuwa juu kwa karibu sentimita 75, yaani ngazi tano za sentimita 15. Mama hatazipanda. Njia yake iwe mbele, kwa mteremko wa sakafu wa moja kwa kumi na mbili: sentimita 30 zinahitaji mita 3 na sentimita 60, na mbele una nafasi hiyo. Nyuma ungehitaji mita 9.

Halafu hizo kona za mbele zilizokuvutia kwenye picha. Kila pembe inayojitokeza mita moja inakuongezea mita mbili za ukuta kuanzia msingini hadi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na juu inakuzalishia mabonde ya paa, yaani mahali miteremko miwili ya bati inapokutana. Nimeezeka nyumba nyingi, na ninapoitwa kurudi kwa sababu ya kuvuja, mara nyingi nakuta ni bondeni. Ukiinyoosha sura ya mbele, akiba utakayopata inaweza kukilipia choo cha mama.

Kama fedha hazitoshi kwa mara moja, usijenge nusu ya nyumba ukitarajia kuiunga baadaye. Msingi wote na ukuta wote visimame, ezeka paa lote, kisha malizia vyumba vitatu na choo kimoja mhamie. Nimeona watu walioezeka upande mmoja, na mahali pa kuungia papo wazi hadi leo.

MjenziMpya amejibu:

Nawashukuru sana. Jumamosi tulikwenda kiwanjani na kamba, vigingi na mfuko wa chokaa, tukaichora nyumba nzima chini kwa vipimo halisi vya ndani, kisha tukamleta mama kwa bajaji na kumpitisha "mlangoni".

Mpango sasa umekuwa hivi. Nyumba imefika mita 15 kwa upana, na sura ya mbele imenyooka isipokuwa baraza, ambayo inaanzia sebuleni hadi mwisho wa dirisha la mama. Upande wa magharibi wa korido una choo cha mama cha mita 2, kikifuatiwa na chumba chake cha mita 3 na sentimita 60, kisha mabinti. Upande wa mashariki umeanza na choo cha pamoja, akafuata mvulana, na masta ikamalizia. Chumba cha kulia kimefutwa, kwa kuwa tulipojiuliza kwa ukweli tuligundua kwamba hata tulikopanga sasa meza ya chakula ni ya kuwekea madaftari na nguo za kupigwa pasi. Nafasi yake imegawanywa kati ya sebule na jiko, na stoo imesalimika. Mke wangu alikubali mama kuwa mbali na masta baada ya kusoma maneno ya BintiTanga kuhusu binti mkubwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema tuweke kengele ya kubonyeza kitandani kwa mama inayolia chumbani kwetu.

Mama aliketi kwenye kiti mahali pa dirisha lake, akatazama vigingi vya geti, akaagiza kigingi kimoja kisogezwe kushoto kwa sababu mwembe wa jirani ulikuwa unamziba. Tumekisogeza.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwa upana wa mita 15 ninabakiwa na mita 2 na nusu kila upande, je, zinatosha? Na mlango wa chumba cha mama upana wake uwe kiasi gani?

MsanifuWaMtaani amejibu:

Kuhusu umbali kutoka mpakani, nenda halmashauri na mchoro mpya kabla ya kumwita fundi, kwa kuwa wao ndio watakaotoa kibali cha ujenzi na masharti hutegemea matumizi na ukubwa wa viwanja vya eneo husika. Michoro ya kuombea kibali ichorwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, naye mwonyeshe picha ya chokaa mliyoichora chini, itamfaa kuliko maelezo. Wakikwambia mita 2 na nusu hazitoshi, punguza masta, usiguse chumba cha mama.

Mlango wa mama uwe na uwazi wa sentimita 90 baada ya fremu kufungwa, na wa choo chake usipungue 80. Ndani ya chumba acha mahali penye duara la mita 1 na nusu bila samani, ili siku akihitaji kiti cha magurudumu kiweze kugeuka.

BintiTanga amejibu:

Na kitasa kiwe cha kubonyeza chini kwa kiganja, kisiwe cha duara cha kuzungusha. Vidole vyake navyo vitachoka kama magoti. Swichi ya taa nayo iwe mbili, moja mlangoni na nyingine mahali mkono wake unapofika akiwa amelala. Waya hizo zipitishwe kabla ya lipu, kwa hiyo amueni mapema kichwa cha kitanda kitakuwa upande gani.